Kubana nywele ndefu bila joto kwa msindikizaji wa bibi harusi: harusi ya Nansio, mwezi wa Novemba

Binti wa Nyegezi ameuliza:

Mwangaluka, mama zangu na dada zangu.

Binti wa mama yangu mdogo anafunga ndoa Jumamosi moja ya Novemba, nami ni mmoja wa wasindikizaji wake watano. Ibada itakuwa Nansio, Ukerewe, saa nne asubuhi. Baada ya hapo tutapiga picha kwenye mawe ya ufukweni, na sherehe itaanza saa kumi na mbili jioni katika ukumbi ulio karibu kabisa na maji. Gauni tulilochaguliwa lina mgongo wazi, na bibi harusi ameomba sote tubane nywele ili mgongo uonekane na ili sisi watano tufanane tukitazamwa kwa nyuma. Wenzangu wanne wameamua kuvaa wigi au kuunganisha nywele za kununua. Mimi ningependa kubana nywele zangu mwenyewe, na hapo ndipo ninapohitaji msaada wenu.

Nywele zangu ni za asili. Sijazitia dawa tangu 2018. Zikivutwa zinafika katikati ya mgongo, lakini zikioshwa na kuachwa zikauke zenyewe hujikunja zikaishia kidevuni. Ni nyingi na nzito, kiasi kwamba kibanio cha kawaida hukatika kabla sijamaliza kukizungusha mara ya pili.

Sitaki joto la aina yoyote, iwe draya au pasi, na sababu yangu ni hii. Mwaka jana nilikuwa na shughuli ya rafiki yangu, nikaenda saluni moja mjini. Aliyenihudumia alipitisha pasi kwenye nywele za mbele mara nne au tano sehemu ileile, nikasikia harufu ya kuungua, nikanyamaza kwa kudhani kwamba ndivyo inavyotakiwa. Nilipoosha kichwa baada ya wiki mbili, nywele zote zilirudi kujikunja isipokuwa shungi la juu ya paji la uso, ambalo lilibaki limenyooka na kulegea kama nywele za hindi bichi. Mpaka leo ninalipunguza kidogo kidogo kwa mkasi huku nikisubiri za chini yake zikue.

Naomba mnieleze namna ya kuzinyoosha nywele za aina hii bila moto, mtindo wa kubana unaofaa kanisani na ukumbini pia, na jinsi ya kuufanya udumu mpaka usiku pamoja na upepo wa ziwani na mvua za vuli. Bibi harusi hajakataa, ila ana wasiwasi kwamba nitaonekana tofauti na wenzangu, na nisingependa wasiwasi huo aende nao madhabahuni.


Msusi wa Kirumba amejibu:

Mwangaluka, mdogo wangu. Nimekuwa katika kazi hii ya kusuka kwa miaka kumi na saba, na jambo ninalowaambia wateja wangu wote wa harusi ni kwamba kubana nywele za asili bila joto ni kazi ya siku tatu, na Jumamosi ni siku ya kufunga pini tu. Mtu akifika kwangu Jumamosi alfajiri na nywele zilizooshwa usiku, hata ningekuwa na mikono sita, nitampa fundo ambalo litaanza kufura kabla ya mahubiri kwisha.

Kwa nywele zako njia ninayoiamini ni ile ya bibi zetu, yaani uzi. Rola hunyoosha vizuri, lakini nywele nyingi na ndefu zikizungushwa kwenye rola hubaki mbichi kwa ndani hata baada ya siku nzima, hasa mwezi wa Novemba ambapo hewa yenyewe imejaa maji. Misokoto ya kawaida nayo hunyoosha katikati na ncha, ila shina linabaki limejikunja, na shina ndilo linaloonekana mtu akibana. Uzi huanzia kwenye shina lenyewe. Kwa sababu hiyo sihitaji kitu kingine.

Osha Jumatano mchana. Ukishatoa kilainishi, gawa kichwa mafungu kumi na manne hivi, uchane kila fungu kwa chanuo la meno mapana kuanzia kwenye ncha kupanda juu, kisha uache nywele zikae wazi mpaka zifikie hali ya unyevunyevu, zile ambazo ukizikamua hazitoi tone lakini mkononi bado ni baridi. Wengi hukosea hapa kwa kufunga nywele zinazotiririka maji. Paka losheni ya nywele kidogo, na mafuta ya nazi kiasi cha kulowesha vidole tu. Halafu chukua uzi mweusi wa kusukia, ule unaouzwa kwenye maduka ya Makoroboi, Mwanza, uzungushe mara tatu kwenye shina bila kukaza, kisha ushuke nao ukiacha nafasi ya upana wa punje ya mchele kati ya mzunguko na mzunguko. Ukikaribia ncha, karibisha mizunguko ili ncha zisibaki zimejikunja kama mkia wa nge. Uzi unanyoosha kwa kuvuta urefu wa nywele. Haunyooshi kwa kuvuta ngozi. Ngozi ya kichwa ikiinuka vipele kama vya mtu anayesikia baridi, fumua fungu hilo ulifunge upya.

Zikunje hizo fimbo kumi na nne kuzunguka kichwa, zibane kwa pini, funga kilemba cha satini juu yake, uendelee na shughuli zako Alhamisi na Ijumaa. Kama mnavuka Ijumaa kwa meli kutoka Mwanza, vuka na nyuzi zako kichwani. Safari ya saa tatu hivi kwenye upepo wa ziwa haipaswi kufanywa na nywele zilizokwisha kufumuliwa, kwa maana zitakunywa unyevu njia nzima na utafika Nansio zimeanza kurudi kidevuni.

Kabla ya kufumua, gusisha fungu moja la kisogoni kwenye mdomo wako wa juu. Vidole hudanganyika, mdomo haudanganyiki: ukisikia ubaridi wowote, bado kuna maji. Fumua fungu hilo mwisho kabisa, au liache mpaka dakika ya kubana. Jumamosi anza kufumua saa kumi na mbili asubuhi, ukianzia nyuma kwenda mbele.

Sasa mtindo. Watu wengi watakushauri fundo la utosini kwa sababu linaonyesha urefu wa nywele. Mimi sikushauri. Nywele zako ni nzito, na uzito huo ukikaa utosini tangu saa mbili asubuhi hadi usiku wa manane utakuvuta ngozi ya paji la uso na kukuletea maumivu ya kichwa, na ukipiga magoti kanisani litayumba. Fundo lako likae kisogoni, chini kidogo ya mstari wa masikio, juu ya shingo. Mahali hapo mfupa wa kichwa unalipokea kama bega linavyopokea mtungi, na mgongo wa gauni unabaki wazi kama bibi harusi alivyotaka.

Tenga nywele za mbele kwa mstari unaotoka sikio moja kupitia utosini hadi sikio la pili. Za nyuma zikusanye kisogoni kwa kibanio cha kitambaa, si cha mpira mtupu, na usikaze kupita kiasi. Mkia huo ugawe sehemu nne. Kila sehemu igawe mafungu mawili uyasokote pamoja, kisha uizungushe kuzunguka kibanio, moja kuelekea kulia na inayofuata kuelekea kushoto, mpaka zijenge duara lililosukana kama ukindu wa mkeka. Hayo ndiyo yanayoupa mtindo urasmi wake: jicho linaona mpangilio uliokusudiwa, na msokoto wenyewe unazishika nywele zisichomoke. Duara laini lisilosokotwa linahitaji nywele zilizonyooka kwa moto, na likipata unyevu kidogo hutoa manyoya.

Pini zipo za aina mbili, na kila moja ina kazi yake. Ile iliyo wazi yenye umbo la herufi U ndiyo ya fundo. Ichome ukitokea nje, iokote nywele chache za msokoto, kisha igeuze ielekee katikati ya fundo na kuisukuma kando ya ngozi ya kichwa. Ni kama kushona. Pini iliyochomwa moja kwa moja bila kugeuzwa inashikilia hewa. Ile ya kubana, yenye upande mmoja wa mawimbi, tumia kwa nywele za mbele, na upande wa mawimbi uelekee kwenye ngozi. Penye shaka, pitisha mbili zikatane kama msalaba. Kwa nywele zako nunua pini za U zisizopungua ishirini.

Za mbele zigawe pande mbili kwa mstari wa pembeni, usokote kila upande ukiufuata mzunguko wa kichwa, ukiokota nywele kidogo kidogo kuelekea nyuma, na kumalizia chini ya fundo. Shungi lako lililoungua litafichika ndani ya msokoto huo, mradi uliweke katikati ya fungu na si juu yake.

Kuhusu kufanana na wenzako, mwambie bibi harusi kwamba kinachowafananisha watu watano kwa nyuma ni mahali mafundo yalipokaa, ukubwa wake na pambo lake. Kubalianeni kwamba kila fundo liwe vidole vinne juu ya mstari wa chini wa nywele, liwe na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, na wote mvae pambo moja upande mmoja, kwa mfano lulu tatu upande wa kulia. Anayevaa wigi na mwenye nywele zake watasimama safu moja na hakuna atakayeuliza.

Jambo la mwisho ni la huko ziwani hasa. Usijipulizie mafuta ya kung'arisha nywele jioni. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, hufuata taa za ukumbi, na kichwa kilichopakwa mafuta huwanasa. Nimewahi kumtoa bibi harusi wadudu kwa kitana chembamba wakati wageni wanasubiri keki.


Mama Doto amejibu:

Nimeyasoma maelezo ya Msusi na ninayaheshimu, lakini nina neno juu ya nywele za mbele, na nalisema nikiwa mama.

Binti yangu alisindikiza harusi hapa Mwanza miaka michache iliyopita. Alibanwa nywele na mtu ambaye sitamtaja, na alirudi nyumbani nyusi zimeinuka, hawezi kufumba macho sawasawa. Niliambiwa kwamba urembo una gharama yake. Usiku alimeza vidonge vya maumivu, na asubuhi tulipofumua tukakuta vipele vyeupe vidogo kwenye kila shina la panja. Baada ya wiki kadhaa nywele za pande zote mbili za panja zikaanza kutoka. Upande wa kushoto ulirudi baada ya mwaka na zaidi; upande wa kulia haukurudi wote. Daktari wa ngozi alitueleza kwamba ngozi ikivutwa mara kwa mara kwa muda mrefu shina hufa na kuacha kovu, na kwamba binti yangu alikuwa amekwisha kusuka rasta za kukaza mfululizo kabla ya siku hiyo, kwa hiyo ile harusi ilikuja juu ya jeraha lililokuwapo.

Kwa hiyo, mwanangu, misokoto ya mbele iwe legelege. Ukimaliza, inua nyusi, fumba macho kwa nguvu, tafuna kitu. Ukihisi mvuto mahali popote, toa pini, pitisha mpini wa kitana chini ya msokoto, uulegeze. Zile nywele laini za ukingoni, mimi ningeziacha kabisa bila kuzilaza. Zikionekana kwenye picha, ni zako.

Tena mtu wa wigi naye akumbuke kwamba mistari ya ndani chini ya wigi inavuta vilevile, ila haionekani.


Msusi wa Kirumba amejibu:

Mama Doto, shikamoo. Pole kwa yaliyompata binti, na ninakubaliana nawe juu ya kulegeza. Kwenye nywele za ukingoni tutatofautiana kidogo, kwa sababu katika ibada na katika picha za karibu ukingo uliotulia ndio unaotofautisha kubana kwa shughuli na kubana kwa kwenda sokoni. Lakini si lazima kuzivuta. Jeli kidogo ya maji, isiyo na spiriti, ipakwe kwa mswaki laini kuelekea zinakoota, kisha kitambaa cha satini kifungwe juu yake kwa dakika kumi na tano wakati mtu anapakwa vipodozi. Kitambaa ndicho kinachozilaza. Muhimu ni kujaribu jeli hiyo na losheni yako pamoja nyumbani, kwa sababu zipo zisizopatana, na zikikutana hutoa ukoko mweupe unaofanana na mba.


Dada wa Bwiru amejibu:

Naomba niongeze kwa walio na nywele ndefu za dawa, au nywele laini za kuzaliwa nazo kama zangu, maana si kila anayesoma hapa ana nywele za kujikunja. Shida yetu ni kinyume: nywele zinateleza, pini inashuka yenyewe kabla ya nyimbo za kuingia kwisha. Nilikuwa nikikimbilia pasi ili nipate mawimbi, nikaacha, kwa sababu nywele zilizokwisha kulegezwa na dawa hazina nguvu ya kuvumilia na moto juu yake. Zangu zilikuwa zinakatika katikati.

Ninachofanya ni kuosha siku mbili kabla, si siku moja, ili mafuta ya asili ya ngozi yaanze kurudi na kuzipa nywele ugumu kidogo. Usiku wa kuamkia shughuli nazilowesha kwa maji ya kupuliza, kidogo tu, nasuka mikia sita ya kawaida, nalala nayo. Asubuhi nikifumua, napata mawimbi ambayo pini inayashika. Fundo langu nalijenga kwa mikia miwili mirefu iliyosukwa na kuzungushwa, kwa sababu fundo lililosukwa haliwezi kufumuka lote hata pini mbili zikidondoka.

Na kwa Binti wa Nyegezi: usikubali kuambiwa uvae sponji ya duara ndani ya fundo. Nywele zako zinatosha. Sponji itaongeza ukubwa na kukuongezea mzigo bila sababu.


Mwalimu wa Sengerema amejibu:

Ninafundisha kemia, na kwa kuwa Binti wa Nyegezi ametaja shungi lake la mbele lisilorudi kujikunja, nitajaribu kueleza sababu kwa ufupi.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Vipo vifungo dhaifu vya haidrojeni, ambavyo maji huvifungua na ukavu huvifunga tena katika umbo lolote ambalo nywele zimeshikiliwa wakati huo. Hiyo ndiyo siri ya uzi, rola na mikia ya usiku: maji yanafungua, uzi unashikilia umbo, ukavu unafunga. Ndiyo maana Msusi anasisitiza nywele zikauke kabisa, na ndiyo maana hewa ya ziwani, yenye unyevu, inaweza kuanza kuvifungua vifungo hivyohivyo tena.

Joto la draya hufanya kazi hiyohiyo kwa haraka, na joto la wastani haliharibu nywele za kila mtu. Tatizo ni pasi, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 150 na 230 za selsiasi. Karibu na kiwango cha juu, keratini yenyewe hubadilika, na ikishabadilika hairudi, kama ute wa yai lililochemshwa usivyorudi kuwa maji. Vipodozi vya kukinga joto hupunguza madhara bila kuyaondoa. Unywele hukua takriban sentimita moja na kitu kwa mwezi, na sehemu iliyokwisha kutoka nje ya ngozi haina uhai wa kujitengeneza, kwa hiyo mkasi na subira ndiyo tiba pekee ya shungi lile.


Binti wa Nyegezi ameandika:

Shikamooni, na asanteni sana. Nilifanya jaribio la mtindo mzima wiki iliyopita kwa kufuata maelezo yenu, na ninaona ni vyema niseme yalivyokuwa ili nirekebishwe kabla ya siku yenyewe.

Uzi ulinichukua saa mbili na nusu, mafungu kumi na manne. Nilipofumua Jumamosi sikuamini: nywele zilifika karibu na katikati ya mgongo, laini, na bado zina mwili wake. Mafungu mawili ya kisogoni pekee yalikuwa na ubaridi mdomoni, nami kwa haraka nikayafumua hivyohivyo. Ndani ya saa moja yalikuwa yamejikunja na kuvimba chini ya fundo. Nilivaa viatu vya harusi nikacheza sebuleni nusu saa kamili pamoja na mdogo wangu, nyimbo za kuingilia ukumbini, na fundo likashuka kama upana wa kidole. Pini hazikudondoka. Ni fundo zima lililoshuka.


Msusi wa Kirumba amejibu:

Fundo zima likishuka bila pini kudondoka, maana yake pini zimeshika fundo tu na hazikushika kichwa. Kabla hujazungusha msokoto wa kwanza, suka ukili mdogo uliolala kichwani, wenye upana wa vidole viwili, hapohapo kisogoni chini ya mahali kibanio kitakapokaa, ukivuka kutoka upande huu kwenda upande ule. Ukili huo unafichwa na fundo, lakini pini zako zote za chini zitapita ndani yake, na hapo utakuwa umelishonea fundo kwenye kitu kisichotembea. Usiukaze, kazi yake ni kuwa ngazi ya pini.

Mafungu ya kisogoni yaliyobaki mabichi, safari hii yafunge mwisho, baada ya kuyaacha wazi muda mrefu kuliko mengine. Kisogo hukauka mwisho kwa kila mtu, kwa sababu tunakilalia.


Binti wa Nyegezi ameandika, baada ya harusi:

Nilidhani nirudi kuwaambia yaliyotokea, kwa sababu mmenipa muda wenu bila kunijua.

Tulivuka Ijumaa. Ziwa lilikuwa limechafuka kidogo, upepo ulitupiga njia nzima, nami nilikaa na kilemba changu juu ya nyuzi huku wenzangu wakishikilia wigi zao kwa mikono miwili. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mama yangu mdogo alinifumua nikiwa nimekaa kwenye kigoda barazani, fungu kwa fungu, na kila fungu alilipitisha mdomoni kwanza kama nilivyomweleza. Yote yalikuwa makavu. Ukili wa chini alinisukia yeye. Bibi harusi alikuja na kanga yake kifuani, akapima kwa vidole vinne kwenye shingo yangu, kisha akawapima wengine wanne, akarudi chumbani kwake bila kusema neno. Nilimwona ametulia.

Mvua ilinyesha tukiwa kanisani ikakatika kabla hatujatoka. Kwenye mawe ya ufukweni upepo ulizichomoa nywele chache za ukingoni, zile ambazo Mama Doto alisema ziachwe, na kusema kweli picha hizo ndizo ninazozipenda zaidi. Fundo halikusogea ukumbini, nami nilicheza tangu tulipoingia hadi zawadi. Saa saba usiku nilikuwa sina maumivu yoyote ya kichwa.

Jumapili nilipofumua nilihesabu pini 24. Nilikuwa nimeweka 26. Jumatano niliosha kichwa hapa Nyegezi, nikasimama mbele ya kioo kungoja. Zilijikunja zote hadi kidevuni, za mbele nazo, isipokuwa lile shungi la mwaka jana, ambalo sasa sehemu yake iliyonyooka imebaki urefu wa kidole kimoja.